Base ya Kamina: Wilhelm Maybach, yatima mwenye alifundisha motere kukamata ralanti

Gari isiyokamata ralanti inajulikana haraka. Shofere akiachilia akseleratere, motere inatetemeka, inapanda, inashuka, kisha inazimika. Kusudi isizimike, anaacha mguu juu ya akseleratere hata wakati gari imesimama, na esanse inaisha bure. Katika Base ya Kamina, jimbo la Haut-Lomami, mahali ambapo kamyo, jipu na ndege zimekuwa zikipita tangu wakati wa Wabelgiji, ugonjwa huo si mgeni.

Mmoja kati ya watu wa kwanza kupigana na ugonjwa huo alikuwa fundi wa Ujerumani, Wilhelm Maybach, mwenye alizaliwa mwaka wa 1846 na kufariki mwaka wa 1929. Leo jina lake linajulikana kwa sababu ya magari ya bei kali yanayoendeshwa na matajiri. Lakini mwenye jina hakuwa mtoto wa tajiri. Alikuwa yatima, alilelewa katika nyumba ya huruma, alifanya kazi miaka mingi nyuma ya mtu mwingine, na kampuni yenye aliijengea sifa ilimwacha aondoke akiwa na miaka 61.

Kazi yake kubwa inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Alitafuta namna ya kupimia motere hewa na esanse kwa kiasi kinachofaa, ikiwa inakwenda mbio ao ikiwa imetulia. Kila fundi anayeinama leo juu ya motere yenye ralanti mbaya anarudia swali hilohilo.

Mtoto wa seremala

Wilhelm Maybach alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili 1846 katika mji wa Heilbronn, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Wilhelm alikuwa na ndugu wanne, wote wanaume. Akiwa na miaka nane, familia ilihamia upande wa Stuttgart. Kisha msiba ukaingia nyumbani: mama akafariki, baadaye baba naye akafariki, na watoto wakabaki bila mzazi. Watu wa karibu walipitisha tangazo katika gazeti la Stuttgart ili kuomba msaada kwa ajili ya watoto hao.

Wilhelm alipokelewa katika mji wa Reutlingen, kwa mhubiri Gustav Werner. Werner alikuwa ameanzisha nyumba iitwayo Bruderhaus, maana yake nyumba ya ndugu. Humo waliishi yatima, maskini na watu wenye ulemavu. Lakini Werner hakutaka watu wakae wakingoja sahani ya chakula. Nyumba yake ilikuwa na karakana za kweli, pamoja na kiwanda cha mashine, na kila mtu alifundishwa kazi ya mikono.

Ni Werner mwenyewe aliona kwamba kijana huyo ana kipaji cha mashine. Akamweka katika ofisi ya michoro ya kiwanda. Mchana Maybach alichora vipande vya mashine. Kisha akafuata masomo ya fizikia na hesabu katika shule ya mji. Kufikia miaka 19 alikuwa tayari mchoraji wa mashine mwenye kutegemewa. Bila karakana ile, labda jina lake lisingejulikana nje ya mtaa wake.

Daimler na Maybach

Mwaka wa 1865, mkubwa wa karakana ya Bruderhaus, injinia Gottlieb Daimler, alimtambua kijana huyo na kumfanya msaidizi wake. Daimler alimpita kwa karibu miaka 12. Tangu siku hizo wawili hao hawakuachana mpaka kifo cha Daimler, miaka 35 baadaye. Daimler alikuwa mtu wa kuamua, kubishana na kutafuta pesa. Maybach alikuwa mtu wa kalamu na karatasi, mkimya, mwenye kuchora jambo mara kumi mpaka likae sawa. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, lakini jina lililotangulia mbele ya watu lilikuwa la Daimler.

Mwaka wa 1869 Maybach alimfuata Daimler mpaka Karlsruhe. Mwaka wa 1872 Daimler akaitwa kuongoza upande wa ufundi katika kiwanda cha Deutz, karibu na Köln, na Maybach akaja naye. Humo ndimo Nikolaus Otto alitoa, mwaka wa 1876, motere ya hatua nne ambayo magari mengi yangali yanaitumia: kuvuta, kukandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Maybach ndiye alikuwa mkubwa wa ofisi ya michoro.

Motere ya Otto ilikuwa nzito sana. Ilifungwa chini katika kiwanda, ikanyweshwa gazi kupitia tiyo, na ikazunguka chini ya mara 200 kwa dakika. Iligeuza mashine za kiwanda kwa mwendo mmoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Motere kama hiyo haikuhitaji ralanti, kwa sababu haikuwa na barabara, wala mlima, wala mahali pa kusimama kungoja ng'ombe wapite. Swali la ralanti lilizaliwa siku motere ilipoondoka kiwandani na kupanda juu ya gari.

Katika miaka hiyo Maybach alipata pia familia. Mwaka wa 1878 alimwoa Bertha Habermaas, na mwaka wa 1879 wakazaa mtoto mwanaume, Karl, ambaye baadaye angefuata kazi ya baba yake.

Kelele katika nyumba ya bustani

Mwaka wa 1882 Daimler aligombana na wakubwa wa Deutz na kuondoka. Alinunua nyumba kubwa yenye bustani huko Cannstatt, karibu na Stuttgart, na Maybach akaacha kazi yake ya uhakika ili kumfuata. Wakafunga karakana ndani ya kijumba cha bustani. Shabaha yao ilikuwa kutengeneza motere ndogo, nyepesi, ya kuzunguka mbio, inayokunywa mafuta ya maji kama esanse, na sio gazi ya tiyo.

Walifanya kazi mchana na usiku, mlango umefungwa. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani alisikia vyuma vikigongwa kila saa akafikiri watu hao wanatengeneza pesa za uongo, akaita polisi. Polisi waliingia na kukuta vyombo vya kazi na motere tu.

Mwaka wa 1883 motere yao ya kwanza ilizunguka. Mwaka wa 1885 walikuwa na motere ndogo iliyosimama wima, yenye kuzunguka kama mara 600 kwa dakika, zaidi ya mara tatu kuliko zile za kiwandani. Mwaka uleule waliifunga juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, mama wa pikipiki zote. Mwaka wa 1886 wakafunga motere nyingine juu ya gari la farasi, kisha juu ya mtumbwi. Mwaka wa 1889 wakaonyesha gari lao jipya katika maonyesho makubwa ya Paris.

Lakini motere hizo zilikuwa na kasoro kwenye pumzi. Kwa wakati huo, hewa ilipitishwa juu ya esanse iliyokuwa katika chombo, ikabeba mvuke, ikaingia katika silinda. Esanse nyepesi ilikuwa inaondoka kwanza, nzito inabaki, na mchanganyiko ukabadilika saa kwa saa. Jua likiwaka, mvuke ukazidi. Baridi ikija, ukapungua. Gari likitikisika barabarani, mambo yakavurugika tena. Na motere ikizidi mbio, chombo cha kuizuia kilizuia valvu ya moshi isifunguke, motere ikaruka zamu kadhaa mpaka mwendo ushuke. Shofere hakuwa na njia ya kuishusha taratibu na kuiacha itulie.

Ukumbi wa hoteli, mwaka wa 1893

Mwishoni mwa mwaka wa 1890 kampuni ya Daimler iliundwa pamoja na wenye pesa. Wenye pesa hao walikuwa na mawazo yao. Walitaka kuuza motere za kusimama kiwandani, na gari halikuwavutia sana. Maybach, ambaye alikuwa amechora karibu kila kitu, hakupewa nafasi katika baraza la wakubwa wa kampuni. Mwezi wa pili 1891, akiwa na miaka 45, aliondoka.

Daimler hakumwacha. Akamlipa kutoka mfuko wake ili aendelee kutafuta. Kwanza Maybach alichora nyumbani kwake. Kisha, mwaka wa 1892, karakana ikafunguliwa katika ukumbi wa hoteli ya zamani ya Cannstatt, Hotel Hermann, pamoja na wafanyakazi kumi na wachache. Palipokuwa mahali pa starehe pakawa mahali pa kazi, mbali na macho ya kampuni.

Humo, mwaka wa 1893, Maybach alitoa karbiratere ya kunyunyiza. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Chombo kidogo kinashika esanse, na ndani yake kuna boya, kitu kinachoelea. Esanse ikipanda, boya linasukuma sindano na kufunga mlango. Esanse ikishuka, mlango unafunguka. Kwa hiyo kimo cha esanse kinabaki kilekile, siku ya joto ao ya baridi. Kutoka chombo hicho, esanse inafika kwenye tundu dogo sana, lile mafundi wa Kongo wanaita jikleri. Pistoni ikishuka inavuta hewa kwa nguvu, hewa inapita mbio karibu na tundu, na esanse inaruka kwa matone madogo kama marashi yanayotoka katika chupa ya kunyunyizia.

Tangu hapo, pumzi ya motere yenyewe ndiyo ikavuta kiasi cha esanse. Ikivuta sana, esanse nyingi. Ikivuta kidogo, esanse kidogo. Hakuna tena kutegemea jua ao baridi ya siku. Hapa haki inaomba kusemwa: mwaka uleule, katika nchi ya Hungaria, Donát Bánki na János Csonka nao walitoa karbiratere ya kunyunyiza. Wazo lilikuwa limeiva. Lakini ile ya Maybach ndiyo iliingia katika motere za Daimler na kufungua njia kwa viwanda vingi vya magari vya Ulaya.

Kutoka mizunguko 300 hadi 1,000

Bila watu wake wawili wa ufundi, kampuni ililegea. Mwaka wa 1895 mfanyabiashara Frederick Simms alikubali kulipa mark 350,000 ili apate haki za motere za Daimler kwa Uingereza, lakini akaweka sherti: Daimler arudi. Daimler alirudi, na Maybach akarudi naye kama mkubwa wa upande wa ufundi. Wenye kampuni walilazimika kumfungulia mlango mtu waliyekuwa wamemkatalia kiti miaka minne mbele.

Tarehe 6 mwezi wa tatu 1900 Gottlieb Daimler alifariki. Maybach akabaki peke yake, na ndipo alipotoa kazi yake kubwa kuliko zote. Emil Jellinek, mfanyabiashara mwenye kuishi Nice, kusini mwa Ufaransa, aliagiza magari 36 kwa mark 550,000. Aliomba gari la chini zaidi, refu zaidi, lenye nguvu zaidi, na lipewe jina la binti yake: Mercedes.

Gari la kwanza lilitolewa mwishoni mwa mwaka wa 1900, na mwezi wa tatu 1901 Mercedes zilishinda wapinzani wao katika mashindano ya Nice. Watu walizungumza juu ya nguvu zake, farasi 35. Lakini kwa shofere, ajabu nyingine ilikuwa muhimu zaidi. Kwa kifaa kidogo cha mkono karibu na usukani, aliweza kushusha motere mpaka mizunguko 300 kwa dakika na kuipandisha mpaka 1,000. Motere ilikubali kutulia bila kuzimika, kisha ikakubali kupanda tena bila kukohoa. Karbiratere mbili, kila moja kwa silinda mbili, valvu zenye kufunguliwa na motere yenyewe, na moto wa umeme kutoka manyeto ya Bosch ndivyo viliwezesha jambo hilo.

Maybach alikuwa ametatua pia shida ya pili ya motere iliyotulia: joto. Gari likisimama, upepo wa safari haupo tena, na maji yanachemka. Alitengeneza radiatere ya tiyo nyembamba zaidi ya 8,000, zilizopangwa kama sega la nyuki, na nyuma yake feni. Radiatere na feni zinazoonekana leo mbele ya kila gari zinatokana na wazo hilo. Ufaransa, nchi iliyoongoza dunia kwa magari wakati huo, wakampa Maybach sifa ya mfalme wa wachoraji wa mashine.

Kusukumwa pembeni, na vita iliyofika Afrika

Sifa haikumlinda. Baada ya kifo cha Daimler, ugomvi ulizidi ndani ya kampuni, na kazi zake zikapelekwa polepole kwa watu wengine, pamoja na Paul, mtoto wa Daimler. Mwaka wa 1907 Maybach aliondoka kwa mara ya mwisho. Kwa miaka 42, tangu Reutlingen, alikuwa amechora motere zenye jina la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane 1908, puto kubwa la kuruka la Graf Zeppelin liliungua Echterdingen, karibu na Stuttgart, wakati wa dhoruba. Maybach alimwendea Zeppelin na kumweleza kwamba mtoto wake Karl anaweza kutengeneza motere nzuri zaidi kwa ajili ya mambo ya anga. Mwaka wa 1909 kampuni mpya ikaanzishwa, Karl akiiongoza na baba akiwa mshauri wake. Baadaye ilihamia Friedrichshafen, kando ya ziwa Constance.

Kwa motere ya anga, swali la hewa lilirudi kwa nguvu zaidi. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na kipimo cha esanse kilichofaa chini hakifai tena. Wakati wa Vita ya Kwanza ya dunia, kiwanda cha Maybach kilitoa motere zilizoandaliwa kwa ajili ya hewa hiyo nyepesi.

Motere hizo zilielekea pia Afrika. Mwezi wa 11 mwaka wa 1917, Zeppelin L59 liliondoka Bulgaria likiwa na motere tano za Maybach na karibu tani 15 za silaha, dawa na vitu vingine kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck katika Afrika ya Mashariki ya Ujerumani. Jeshi hilo ndilo askari wa Force Publique wa Kongo walikuwa wakipigana nalo: waliingia Tabora mwezi wa tisa 1916, na Mahenge mwezi wa kumi 1917. L59 lilivuka Misri mpaka Sudani, halikufika. Liliitwa kwa redio lirudi, upande wa magharibi wa Khartoum. Lilikuwa limekaa hewani saa 95 na kutembea kilometa zaidi ya 6,700 bila kutua. Kwa askari wa Kongo waliokuwa porini, motere za Maybach zilikuwa motere za adui, hawakuzisikia kamwe.

Kisha vita, Ujerumani ilikatazwa kutengeneza vyombo vya anga. Karl akageukia magari ya kifahari, na mwaka wa 1921 gari la kwanza la mfululizo lenye jina Maybach lilionyeshwa Berlin. Wilhelm Maybach alikuwa na miaka 75 alipoona jina la familia yake mbele ya gari. Mwaka wa 1926 alishuhudia pia kampuni ya Daimler ikiungana na ile ya Benz. Alifariki tarehe 29 mwezi wa 12 mwaka wa 1929, akiwa na miaka 83, na akazikwa Cannstatt, katika makaburi yaleyale alimozikwa Daimler.

Kipimo kilekile katika Base ya Kamina

Base ya Kamina ilijengwa na Wabelgiji kisha Vita ya Pili ya dunia, mashariki mwa mji wa Kamina, mahali ambapo reli ya Lubumbashi kuelekea Ilebo inakutana na ile ya Kabalo. Mwezi wa 11 mwaka wa 1964, ndege zilizobeba makomando wa Ubelgiji mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ziliondoka hapo. Eneo hilo liko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi karibu kwa sehemu moja juu ya kumi kuliko ile ya pwani. Hiyo ndiyo hesabu iliyomshughulisha Maybach.

Kwa gari ya zamani yenye karbiratere, matokeo yanaonekana kwa macho. Jikleri iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani inatoa esanse nyingi kupita hewa iliyopo. Bujii zinakuwa nyeusi, moshi unanuka esanse, ralanti inakuwa nzito. Motere ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo sana, tundu kubwa halitoi kitu, na esanse inapitia jikleri ndogo ya ralanti yenye visi yake ya kupima. Tundu hilo ni jembamba kiasi kwamba chembe moja ya uchafu inatosha kulifunga. Fundi mwenye subira anaanza na kimo cha esanse na boya, anasafisha jikleri kwa hewa bila kuipanua kwa waya, kisha anageuza visi polepole motere ikiwa imeshapata moto.

Gari mpya za enjeksiyo hazina karbiratere, lakini kanuni ni ileile. Papiyo, kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa, inapofungwa, hewa ya ralanti inapita katika njia ndogo inayosimamiwa na valvu, ao papiyo yenyewe inafunguliwa kidogo na umeme. Ordinatere ya gari inapima hewa hiyo na kuamua esanse. Kwa motere nyingi ndogo za esanse, ralanti nzuri ikiwa moto ni kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika.

Ralanti ikipanda na kushuka bila kutulia, jambo la kwanza kutafutwa ni hewa ya wizi: tiyo ya mpira iliyopasuka ao joenti iliyokauka, yenye kuingiza hewa ambayo ordinatere haikuihesabu. Mara nyingi inasikika kama filimbi ndogo. Maji kidogo yakinyunyizwa kwenye maungio, mbali na waya za umeme, sauti ya motere inabadilika mahali penye tundu. Petroli haifai kwa kipimo hicho, kwa sababu inaweza kuwasha gari.

Kama hakuna hewa ya wizi, macho yaende kwenye uchafu. Katika majira ya ukame, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi nyekundu ya Katanga inajaza filtra ya hewa, na masizi yanaganda kando ya papiyo na ndani ya valvu ya ralanti. Gari ikizimika kila mara shofere anapowasha taa ao klimatizere, valvu hiyo ndiyo ya kushukiwa, maana kazi yake ni kuongeza hewa mzigo unapoongezeka. Inasafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Kisha zifuate bujii na waya zake. Baada ya batri kutolewa, gari nyingine zinahitaji muda ili ordinatere ijifunze ralanti upya.

Kosa linaloonekana sana ni kukimbilia visi ya papiyo na kuikaza mpaka motere iache kuzimika. Gari inaondoka garaji, lakini tundu ao uchafu umebaki, esanse inaliwa zaidi, na ordinatere inachanganyikiwa. Kwa kamyo za mazutu, njia ni nyingine: mwendo unasimamiwa na pompi ya mazutu, na ralanti mbovu inaomba kuangalia kwanza filtra ya mazutu, hewa iliyoingia katika tiyo, kisha enjektere.

Kuna pia hatari ya uhai. Motere ya esanse iliyo kwenye ralanti, hasa inayokunywa esanse kupita kipimo, inatoa gazi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, yenye kuua mtu katika chumba kilichofungwa. Kazi ya kupima ralanti inafanyika nje, ao katika garaji yenye milango wazi pande zote.

Jina la Maybach lilirudi juu ya magari ya kifahari mwaka wa 2002, na wachache sana katika Haut-Lomami wataliendesha moja. Lakini boya, jikleri na hewa iliyopimwa viko katika kila karbiratere ya zamani inayofunguliwa Kamina, na mtu mwenye aliviweka humo alijifunza kazi katika karakana ya yatima.